Methali Iliyosimamishwa kwa Muda

TANGAZO KWA WAKAZI WOTE WA MTAA WA JITIHADA. Kuanzia Jumatatu, tarehe 2 Februari 1981, methali isemayo "mgeni njoo, mwenyeji apone" imesimamishwa kwa muda, hadi hapo maji yatakaporejea miferejini. Badala yake itatumika methali isemayo "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe". Wakazi wanaombwa kutumia methali sahihi. Kwa amri, L. Wamalwa, Msimamizi wa Mtaa.

Karatasi hiyo ilibandikwa mlangoni pa Ofisi ya Mtaa, ukutani mwa msala wa wanaume na kwenye nguzo ya mfereji mkuu. Sisi watu wa Jitihada tuliisoma, tukatikisa vichwa kwa kuridhika. Mtaa wa Ziwani hapo jirani walikuwa wakitumia methali zao ovyo ovyo, kila mtu anachomoa anayoitaka, hakuna wa kuwauliza. Sisi tulikuwa na usimamizi.

Laban Wamalwa alikuwa mtu wa shati jeupe na kalamu tatu mfukoni. Alitoka Bungoma kijana, akaanza kwa kubeba barua za wakubwa, akapanda ngazi moja moja mpaka akakabidhiwa muhuri. Aliishi kama sisi, chumba kimoja, namba 88, ukuta kwa ukuta na majirani. Alimpenda mkewe, Nangila, na aliupenda utaratibu, na asingeweza kukwambia kwa haraka alianza kupenda kipi. Mwaka huo Nangila alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza baada ya miaka tisa ya ndoa na maneno ya watu. Ndiyo maana Laban alitaka mtaa uwe umenyooka kabla mtoto hajafika kuukagua.

Uliokuwa umepinda ni maji. Mifereji ilitoa maji alfajiri, na ikifika saa mbili asubuhi inakohoa mara tatu na kunyamaza. Akina mama walipanga madebe usiku kucha. Laban alifanya Uchunguzi. Aliketi kwenye kiti siku nzima ya Jumamosi, akahesabu watu waliokuwa wakiingia msalani. Kadi za nyumba zilisema mtaa una watu mia nane na arobaini na wanane. Msala ulisema elfu moja na mia tatu. Tofauti hiyo, aliandika kwa kalamu nyekundu, ni wageni, na wageni ndio wanaoyanywa maji yetu.

Ripoti aliiandika mwenyewe ofisini, saa nne, saa ya chai, akitafuna nduma, yale magimbi ya kuchemsha. Nduma hizo zilimea nyuma ya Ofisi. Hakuna aliyekumbuka nani alizipanda. Tangu mwaka wa sabini na tisa zilikuwa zikistawi kiangazi na masika, majani mapana ya kuweza kumfunika mtoto, na Laban kila alipomenya moja alimshukuru Mungu kwa udongo wa pale. "Udongo kama huu hauhitaji hata maji," alimwambia karani wake, Phelister, na Phelister, ambaye alikuwa msichana makini, alilinakili neno hilo kwenye daftari.

Kanuni zilizotokana na ripoti zilikuwa na vifungu kumi na viwili, lakini vilivyokuwa na meno ni vitatu. Kifungu cha tatu kilisema mgeni asizidi siku kumi na nne. Zikiisha, atoke mtaani, na akitaka kurudi aandikishwe upya. Kifungu cha tano kilisema kuanzia siku ya tatu kila mgeni atapewa jembe, asaidie kuzibua mitaro; waajiriwa walio kazini katika Ofisi hawahusiki. Kifungu cha tisa ndicho Laban alichokipenda kama mtoto wake. Kiliwahusu wale wajanja wanaopanga nyumba ya mtaa, wanaipangisha kwa wengine, wao wanakwenda kuishi kwingine. Kilisema mpangaji atakayelala nje ya nyumba yake siku kumi na nne mfululizo amehama, na kadi itaandikwa jina la mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote atakayekutwa ndani.

"Kwa nini mwenye umri mkubwa?" tulimuuliza kwenye mkutano wa ukumbini.

"Kwa sababu hatudharau wazee," alisema Laban.

Tulipiga makofi. Nitasema kweli, tulipiga sana. Kila mmoja wetu alijua wageni ni wa jirani. Wa kwake walikuwa ndugu.

Kanuni iling'ata kwanza chumba namba 87, kwa Nyamai, mchonga vinyago. Nyamai aliishi peke yake na twiga. Mke na watoto walikuwa Wamunyu, Ukambani. Chumbani kulikuwa na twiga arobaini wa mti, wengine wamesimama, wengine bado hawajatolewa shingo, na kitanda katikati. Baba yake, Mzee Kitonga, alikuwa amekuja kutibiwa macho. Siku ya tatu alipewa jembe kwa mujibu wa kifungu, naye akazibua mtaro kwa kupapasa. Hospitali ikampa tarehe ya kuonana na daktari, na tarehe hiyo ikaangukia siku ya kumi na tano.

Nyamai alikwenda Ofisini kofia mkononi. "Siku moja tu, Msimamizi. Mzee hata haoni hayo maji ayanywe."

"Nyamai," alisema Laban, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli, "si mimi. Ni kifungu."

Akamwonyesha ukutani, mahali alipopaka kwa rangi nyeusi: SHERIA NI MSUMENO. Mzee Kitonga alirudi Wamunyu na macho yake vile vile.

Mwezi wa tatu Nangila akajifungua mtoto wa kiume. Laban alicheka peke yake njiani, akasalimiana na watu aliokuwa amewaandikia onyo, na siku mbili nzima hakubandika chochote. Siku Nangila aliporudi kutoka hospitali, mama yake, Nabwire, naye alishuka kwenye basi la Bungoma na kuku wawili, mkungu wa ndizi na bahasha ya dawa za mitishamba. Alikuja kumlea mzazi. Shughuli hiyo ilikuwa ya siku arobaini, na hakuna mtu mwenye akili zake angeikatiza.

Sasa, kwa kina Wamalwa, mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawali chakula wakionana. Kulala chini ya paa moja halikuwa jambo la kujadiliwa. Na namba 88 ilikuwa na paa moja, chumba kimoja na pazia.

Jioni hiyo Laban alibisha kwa Nyamai, blanketi kwapani.

"Nyamai, jirani yangu."

"Leo nimekuwa jirani?"

"Mama mkwe amekuja."

Nyamai akaweka patasi chini. Yako mambo ambayo mtu wa Ukambani hahitaji kuelezwa mara mbili. "Hata kwetu hiyo haifanyiki," alisema. "Ingia. Lakini angalia shingo za twiga, hizo zina wenyewe. Na kesho nitakuandikisha."

"Lazima," alisema Laban, akifurahi kuona raia aliyeelimika. "Sheria ni msumeno."

"Msumeno naujua, ndio unanilisha. Unakata ukienda, unakata ukirudi."

Laban alicheka. Alidhani ni mazungumzo ya kazi.

Asubuhi Phelister alimletea fomu thelathini na moja za wageni, na Laban akazitia sahihi kama alivyozoea, mkono mmoja kwenye kalamu, mwingine kwenye nduma, macho kwenye nduma. Ya kumi na tisa ilisema: Mgeni, Laban Wamalwa. Mwenyeji, Nyamai, namba 87. Sababu ya kuja, mama mkwe. Muhuri ukatua juu yake sawasawa.

Usiku sauti ya mtoto ilipenya ukutani, na Laban alilala macho akiisikiliza. Ilikuwa sauti aliyoingoja miaka tisa, na sasa alikuwa akiisikia kama redio ya jirani. Jioni Nangila alimletea mtoto mlangoni, akampakata kidogo hapo kibarazani, mama Nabwire akiwa amegeukia ukuta wa ndani kwa heshima, kisha mlango ukafungwa. Iliuma. Alijifariji kwamba siku arobaini si nyingi, na kwamba angalau mtaa ulikuwa na utaratibu.

Siku ya tatu alichungulia dirisha la Ofisi, akaona mama mkwe wake amesimama kwenye foleni ya wageni, anapokea jembe.

"Phelister!" alisema kwa kunong'ona kwa nguvu. "Yule ni mama mkwe wangu!"

"Kwenye fomu ni mgeni, Bwana Msimamizi. Sehemu ya kuandika mkwe haipo."

"Ni mama wa miaka sitini na tano!"

"Sehemu ya miaka ipo. Nimeijaza."

Alikuwa ameijaza kweli. Na nje, mama Nabwire alikuwa akilipima jembe mkononi, akilitikisa mpini, uso umemchangamka.

"Huu mji wenu una akili," aliwaambia wenzake wa foleni. "Nilikuwa nimeanza kuogopa mikono yangu itaoza. Kukaa tu, kukaa tu, kama kiti!"

Tangu hapo kila asubuhi, baada ya kumkanda binti yake na kumwogesha mtoto kwa maji ya kikombe, alikwenda kuzibua mtaro. Wageni wengine walikwangua kwangua ili siku ipite. Yeye alilima. Mtaro ulianzia kwenye nyumba za juu, ukashuka ukielekea Ofisini, na kadiri ulivyokaribia ndivyo maisha ya Laban yalivyozidi kuwa magumu, maana mtu hawezi kukutana na mama mkwe wake ana jembe. Alianza kuingia ofisini saa kumi na mbili alfajiri na kutoka baada ya yeye kuondoka. Akihitaji kwenda haja, Phelister alitangulia kuangalia njia.

Siku ya kumi na tano ikafika. Alfajiri hiyo Laban alikuwa na jambo moja tu kichwani: siku kumi na nne za mama mkwe zilikuwa zimekwisha, na kwa kifungu cha tatu ilibidi aondoke. Mtoto alikuwa na siku kumi na nane. Nangila alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Na hata kama Laban angekuwa na moyo wa kumfukuza, angemwambiaje mtu asiyeruhusiwa kumtazama?

"Phelister," alisema, "chukua kanuni. Soma zote. Nataka njia halali ya mama kubaki."

Phelister alisoma kwa kidole. Alirudi kwenye rejista, akafungua fomu za mwezi ule, akahesabu, akahesabu tena.

"Njia ipo, Bwana Msimamizi."

"Nilijua! Kanuni nzuri haikosi mlango."

"Akiwa mpangaji, si mgeni tena. Na anaweza kuwa mpangaji, ila..."

"Hakuna ila."

"Bwana Msimamizi, nikiifuata hiyo njia..."

"Ifuate! Andika, piga muhuri, mpelekee mama kadi kabla ya saa mbili. Hujui mzazi yuko katika hali gani?"

Phelister alikuwa msichana makini, lakini pia alikuwa mtiifu. Akaandika, akapiga muhuri, akatoka na kadi. Laban aliegemea kiti, akamenya nduma. Mara nyingi utu huwashinda watu wenye mamlaka, alifikiri, lakini si yeye.

Phelister aliporudi alisimama mlangoni.

"Amefurahi?"

"Sana. Anauliza wewe utahamia wapi."

"Mimi?"

"Kifungu cha tisa, Bwana Msimamizi. Mpangaji wa namba 88 amelala nje siku kumi na nne mfululizo. Fomu hii hapa, sahihi yako hii hapa. Mwenye umri mkubwa aliyekutwa ndani ni mama. Nilitaka kukwambia kwenye ile ila."

Laban alisoma fomu. Kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe muhuri, alisoma fomu. Namba 88 haikuwa tena nyumba yake aliyoiazimisha kwa siku arobaini. Ilikuwa nyumba ya mama mkwe, na nyumba ya mama mkwe hailaliwi, si siku arobaini, si milele. Mkewe, mtoto wake, godoro lake na picha yake ya kupokea cheti vilikuwa upande wa pili wa mila.

"Futa," alisema.

"Marekebisho yanahitaji mkutano, na mkutano unahitaji notisi ya siku ishirini na moja. Kifungu cha kumi na mbili."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

Phelister aliangalia sakafu kwa adabu. Na hapo ndipo aliposikia jembe nje ya dirisha.

Mtaro ulikuwa umefika nyuma ya Ofisi. Mama Nabwire, kadi mpya ikiwa kifuani na jembe mkononi, hakutaka kuacha kazi nusu kwa sababu tu amekuwa mpangaji. Alikuwa amesimama mbele ya zile nduma kwa muda, mikono kiunoni.

"Hizi zinakunywa nini?" aliuliza.

"Ni udongo," alisema Phelister kupitia dirishani. Jibu hilo alikuwa nalo kwenye daftari.

"Udongo! Mwanangu, nduma ni mtoto wa maji. Ukiiona imenona wakati wa jua, mama yake yuko hapo chini."

Akapiga jembe la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilifunua bomba kuu, limepasuka urefu wa mkono, na maji yakaruka juu ya paa la Ofisi.

Tulikuja mbio na madebe, makarai, sufuria, na mtu mmoja na beseni la kanisa. Mtaa mzima ulikuwa pale, wenyeji na wageni, na hakuna aliyekumbuka kutofautisha.

"Kumbe maji yetu ilikuwa inakuja kukunywa chai na Msimamizi!" alipiga kelele mmoja.

"Wacha bana. Miaka miwili tunaamka saa tisa, na yeye anamenya tu!"

Ndani, Laban alikuwa amepanda juu ya kiti. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu ya meza, fomu zinaelea. Mlango ulikuwa mmoja, na nje ya mlango alikuwa mama mkwe wake.

"Phelister, muulize mama nani kampa ruhusa ya kuchimba hapo."

Phelister alitoa kichwa dirishani, akauliza, akarudi. "Anasema ni kifungu cha tano."

"Mwambie asogee kidogo nipite."

"Anasema pita tu, amefumba macho. Anasema pia pole kwa nyumba."

Laban alipita, viatu mkononi, uso umegeukia ukuta. Tulimpisha. Hatukumcheka sana siku ile, maana kila aliyetaka kucheka alikumbuka makofi yake ya ukumbini.

Jioni alikwenda kwa Nyamai kulala. Nyamai alikuwa mlangoni, blanketi la Laban limekunjwa vizuri mikononi mwake.

"Siku kumi na nne zimekwisha, Msimamizi."

"Nyamai, leo tu. Unajua yaliyonipata."

Nyamai aligeuka akawatazama twiga ndani. Katikati yao alikuwa akimwona baba yake anapapasa mtaro. "Si mimi," alisema. "Ni kifungu."

Laban alitembea kwa miguu mpaka Mukuru kwa Njenga, kwa binamu yake wa kiwandani, wakalala watu sita chumbani, na hakuna aliyemwandikisha. Aliporudi asubuhi alikuta barua kutoka makao makuu. Walimpongeza kwa maji kupatikana, wakamwarifu kwamba amesimamishwa kazi kwa muda, hadi hapo itakapojulikana yalipoteaje. Kaimu Msimamizi atakuwa Phelister.

Alipanga foleni ya wageni kama watu wengine. Foleni ilikuwa ndefu. Maji yalikuwa yamerudi, na jamaa wa kila mtu walikuwa wamesikia. Alipofika dirishani Phelister alisimama kwa heshima, kisha akaketi, kwa sababu fomu hujazwa kwa kukaa.

"Unatoka wapi?"

"Phelister, si unajua natoka hapa."

"Hapa haiandikiki, mzee."

Akaandika Mukuru. Sababu ya kuja: kumwona mwanangu. Mwenyeji: hapo kalamu ilisita. Phelister aliichukua fomu, akavuka uwanja mpaka namba 88, na mama Nabwire akajibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, mgongo umegeukia dirisha.

"Mwambieni mkwe wangu namkubali. Chakula atakula kwangu, ataletewa kibarazani. Mtoto atampakata asubuhi na jioni, si kidogo kama zamani, mpaka mtoto mwenyewe achoke. Kulala, nimeongea na mchonga vinyago, amekubali tena. Siku arobaini zikiisha nitarudi kwangu Bungoma, na kadi nitamwandikia binti yangu, halafu waelewane wenyewe nani ni mgeni wa nani."

"Na kuhusu kanuni, mama?" aliuliza Phelister. "Wakazi wanataka zifutwe."

"Zifutwe za siku kumi na nne. Ile ya jembe iacheni, ni nzuri."

Nyamai naye aliafiki, ila kwa sharti. Barua iandikwe Wamunyu, kwa gharama ya Msimamizi, kwamba Mzee Kitonga arudi kuonana na daktari na akae mpaka aone. Laban aliiandika barua hiyo kwa mkono wake, kalamu ya buluu, na haikuwa na kifungu hata kimoja.

Tangazo jipya lilibandikwa jioni hiyo kwenye nguzo ya mfereji. Lilisema methali ya kwanza imerejeshwa, na ya pili inaendelea kutumika.

Siku mbili Laban alikula, akalala kati ya twiga, akampakata mwanawe. Siku ya tatu, saa moja asubuhi, Kaimu Msimamizi alimpelekea jembe lenye mpini mpya, uliochongwa na Nyamai na kulainishwa kwa msasa, maana bomba lilikuwa bado linahitaji mtaro wa hatua sitini. Alimpa pia kitabu cha kutia sahihi kwamba amelipokea. Laban alikishika, akasoma kwanza, neno kwa neno, akageuza ukurasa, akasoma na nyuma, mpaka Phelister akamwambia kwa upole kwamba wageni wengine wanangoja.